Mungu ana mpango, lakini amka ufagie

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Thika hadi Ruiru, umeisoma. Iko kwenye kibandiko juu ya kioo cha dereva, iko nyuma ya ile matatu nyingine inayowapita kwa fujo pale Juja, na jioni ukifungua simu iko WhatsApp, imewekewa picha ya jua likichomoza: Mungu ana mpango.

Na kama umewahi kufiwa, kufutwa kazi, kuachwa na mtu uliyempenda au kutumwa nyumbani kwa sababu ya karo, umeambiwa hivyo ana kwa ana. Mtu amekushika bega, akatikisa kichwa, akasema, "Usijali, Mungu ana mpango." Halafu akaenda zake kutafuta chapati na chai.

Mimi naamini Mungu ana mpango. Nasema hivyo mapema ili usidhani nimekuja hapa kukejeli imani ya mtu. Lakini ilinichukua muda kufika hapo, na katika huo muda hayo maneno yalikuwa yananiuma kuliko matusi. Leo nataka tuongee kuhusu huo muda, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye yuko ndani yake saa hii. Pengine ni saa nne asubuhi, umelala unasoma hii kwa simu yenye chaji asilimia kumi, na huoni sababu ya kutoka kitandani.

Karibu. Nimewahi kulala hapo.

Daftari la mipango

Nilizaliwa na kulelewa Thika, mtaa wa Makongeni. Kama hujui Thika, ni mji wa viwanda. Kuna mananasi, kuna nguo, kuna ngozi, kuna kiwanda cha kuunganisha magari. Mtoto wa Thika hukua akisikia honi za kubadilisha zamu, na kila familia ina mjomba mmoja aliyewahi kuandikwa kiwandani halafu akaachishwa.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Mathe akabaki na mimi na dada yangu mdogo, akauza mitumba. Nguo za watoto, kwa sababu, alivyokuwa akisema, mtu mzima anaweza kuvaa suruali moja mwaka mzima, lakini mtoto hukua hata ukikosa pesa.

Mwaka wa 2018 nilijiunga na chuo kusomea stashahada ya ununuzi na ugavi. Usiku wa kwanza nikanunua daftari la kurasa 96 na kuandika mpango wa maisha yangu. 2020, namaliza. 2021, kazi katika kiwanda kimojawapo hapa Thika, ofisini, si kwenye mashine. 2023, mathe anaacha kukaa juani. 2025, nyumba ya mawe. Niliandika kwa kalamu nyeusi, nikapigia mistari kwa rula. Hata jina la Mungu nililiweka juu ya ukurasa wa kwanza, kama vile mtu anavyoweka muhuri wa chifu kwenye barua ili ipite haraka.

Unajua kilichotokea 2020, kwa sababu kilikutokea na wewe. Katikati ya Machi shule na vyuo vikafungwa nchi nzima. Mwisho wa mwezi uo huo uagizaji wa mitumba ukasitishwa kwa kuhofia virusi, na haukufunguliwa tena hadi Agosti. Mathe alikuwa na marobota mawili. Ya kwanza aliyauza kwa hasara. Ya pili tuliyala. Namaanisha tuliyala: kila nguo iliyotoka iligeuka unga, mafuta na kodi ya nyumba. Mitumba iliporuhusiwa tena, hakuwa na mtaji wa kununua hata nusu robota.

Chuo kilipofunguliwa nilikuwa na deni la karo la Sh48,000. Bila kulipa, hakuna mtihani. Silaumu mtu kwa hilo. Nilikaa wiki mbili nikijaribu kuchangisha kwa mabeshte ambao nao walikuwa wamesota, kisha nikabeba godoro na ndoo yangu nikarudi Makongeni.

Mkopo wa HELB? Swali zuri. Wanafunzi wa stashahada pia wanaruhusiwa kuomba. Nilianza kujaza fomu, nikafika mahali panapoulizwa kuhusu wazazi. Kama mzazi amefariki, leta cheti cha kifo. Sisi hatukuwa nacho. Tulikuwa na kile kibali cha mazishi tu, kimekunjwa ndani ya Biblia ya mathe. Hakuna aliyewahi kutuambia kuna karatasi nyingine ya kufuatilia. Nikafunga ukurasa, nikasema basi.

Uongo wa miaka miwili

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Watu walipouliza, nilisema nime-"defer". Neno zuri sana hilo. Linasikika kama wewe ndiye uliyeamua. Nilisema hivyo kanisani, nikasema hivyo kwa mabeshte, nikasema hivyo hata kwa dada yangu. Kwa miaka miwili nilikuwa mwanafunzi aliyeahirisha, wakati ukweli ni kwamba nilikuwa mtu ambaye ameacha shule na hana mahali anaenda.

Wenzangu walipohitimu, waliweka picha na zile kofia. Niliandika "hongera" kumi na nne. Nilihesabu. Halafu nikazima simu nikalala siku mbili.

Hapo ndipo wale wa kushika bega walipokuja kwa wingi. Shangazi, majirani, wazee wa kanisa. Mungu ana mpango, kijana. Na mimi moyoni nikijiambia: hilo neno nimelisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, mbele ya jeneza la baba. Kama huo ndio mpango, naomba kuona aliyeupanga, nimuulize maswali mawili.

Kama umefika hapo, usiogope kwamba imani yako imekufa. Anayemkasirikia Mungu bado anaongea naye.

Mathe hakunishika bega. Mathe alivumilia wiki kama tatu. Asubuhi moja akasimama mlangoni, jua nyuma yake, akasema, "Baba, mimi naamini Mungu ana mpango na wewe. Lakini hajasema popote kwamba atafagia hii nyumba. Amka ufagie."

Nilikasirika. Kisha nikaamka, nikafagia. Ndiyo kazi pekee niliyofanya siku hiyo, na nilipomaliza nikagundua kwamba ndiyo kazi ya kwanza nimeanza na kumaliza kwa miezi mingi.

Ule mstari, na mistari iliyo kabla yake

Mwaka wa 2021 nilienda Ruiru kutafuta mjengo. Kama hujafika Ruiru hivi karibuni, hutaitambua. Sensa ya 2019 iliuhesabu mji huo kuwa na watu zaidi ya 490,000, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Karibu kila mtu alitoka kwingine. Kila ploti inajengwa, na pale panapojengwa panahitajika wa kubeba mawe na kuchanganya simiti. Nilikodi chumba kimoja upande wa Kihunguro, tukiwa wawili, tukigawana kodi na sufuria.

Jioni hatukuwa na runinga wala bando. Nilikuwa na Biblia ndogo ambayo mathe aliisukuma ndani ya begi bila kuniuliza. Usiku mmoja, kwa hasira kidogo, nikaamua kutafuta ule mstari ambao kila mtu huuweka WhatsApp, ule wa Yeremia 29:11, kuhusu Mungu kujua mawazo anayotuwazia. Nilitaka kuusoma mahali unapokaa, na majirani zake.

Ndugu msomaji, fanya hivyo siku moja. Utashtuka.

Kumbe hayo ni maneno ya ndani ya barua. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliotekwa Yerusalemu wakapelekwa Babeli. Watu waliopoteza nyumba, kazi, hekalu, kila kitu. Na katika sura inayotangulia, nabii mwingine kwa jina Hanania alikuwa ametangaza habari tamu: miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Ungekuwa mateka, ungempenda nani? Mimi ningempenda Hanania. Ningeweka maneno yake kwenye stika.

Yeremia akaandika tofauti. Mstari wa kumi, ule ambao hakuna mtu huuweka na picha ya jua, unasema itakuwa miaka sabini. Sabini! Maana yake, wengi waliosomewa hiyo barua wangefia Babeli. Na juu zaidi, kabla ya ahadi yoyote, wanapewa maagizo: wajenge nyumba wakae humo, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wautafutie amani huo mji waliopelekwa bila hiari.

Nilisoma hayo nikiwa na malengelenge mikononi, katika mji ambao sikuuchagua, baada ya siku nzima ya kujengea watu nyumba. Nilicheka peke yangu hadi yule wa upande wa pili akauliza kama niko sawa.

Kwa maneno mengine, mathe alikuwa amenisomea Yeremia 29 bila kuifungua. Mungu ana mpango. Amka ufagie.

Kahawa ya Ruiru

Usidhani haya ni mambo ya kale ya Babeli tu. Ukiwa Ruiru, mfano uko mlangoni.

Guka alikuwa na mikahawa michache huko Gatundu, na kila mara alikuwa akituambia kuhusu ule ugonjwa wanaouita CBD. Ni kuvu. Unaingia kwenye matunda yakiwa bado mabichi, yanakuwa meusi, yanaoza juu ya mti. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1922, lakini ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo ulipovamia vibaya mashamba ya huku kwetu. Mkulima alipiga dawa mara kadhaa kwa msimu, na bado angeweza kupoteza mavuno. Wengi walikata tamaa. Karo za watoto wengi zilioza juu ya ile miti.

Sasa, kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa Ruiru. Mwaka wa 1971 watafiti wake walianza kazi ya kuzalisha kahawa itakayostahimili huo ugonjwa. Unajua kahawa si sukuma wiki. Unachavusha ua kwa mkono, unangoja tunda, unapanda mbegu, unangoja mche ukue hadi uzae, ndipo ujue kama ulipatia au ulikosea. Ukikosea unarudi mwanzo. Aina mpya ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ikaitwa Ruiru 11. Miaka kumi na minne. Tena hawakuishia hapo. Mwaka wa 2010 wakatoa nyingine, Batian.

Fikiria mtu aliyeajiriwa pale 1971 akiwa na miaka yako. Kila asubuhi anaamka, anaenda kuangalia mche. Mwaka wa tano, bado. Mwaka wa kumi, bado. Huenda kuna waliostaafu kabla ya kuona hiyo siku. Je, kazi yao ilikuwa bure? Nenda ukaulize mkulima yeyote wa Kiambu au Murang'a aliyesomesha watoto na Ruiru 11.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa maneno "mkubwa kuliko wangu". Nilikuwa nadhani mpango wa Mungu ukiwa mkubwa kuliko wangu, basi badala ya kazi ya kiwandani nitapata kampuni, badala ya nyumba ya mawe nitapata ghorofa. Yaani ule ule mpango wangu, lakini umeongezwa sifuri mwishoni. Sikuwa nimefikiria kwamba mpango unaweza kuwa mkubwa kuliko mimi kwa sababu una watu wengine ndani yake, hata ambao sijawahi kukutana nao.

Yule mkimbiaji wa Kikuyu

Katika kaunti yetu hii ya Kiambu, mjini Kikuyu, kuna mtu anayeitwa Henry Wanyoike. Kama hukuwa umezaliwa alipovuma, kaa nikuhadithie.

Alikuwa kijana mwenye ndoto ya kukimbia. Mwaka wa 1995, akiwa na umri wa miaka kama ishirini na moja, akalala usiku akiwa mzima. Akapatwa na kiharusi, akaamka karibu haoni kabisa. Hakuamka akiimba. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyozama kwenye huzuni kwa muda mrefu. Baadaye akasaidiwa katika hospitali ya macho ya Kikuyu, akaenda Machakos kwenye chuo cha wasioona, akajifunza kufuma sweta. Kufuma. Mtu aliyetaka kuwa bingwa wa riadha, ameketi anahesabu mishono kwa vidole. Huko ndiko alikorudi kukimbia, akiwa na mwelekezi pembeni yake na kamba fupi ikiwaunganisha mikono.

Mwaka wa 2000 akaenda Sydney, Australia, kwenye Michezo ya Walemavu, mbio za mita 5,000. Alikuwa anaongoza kwa mbali. Lakini mwelekezi wake alikuwa mgonjwa, na karibu na mwisho akaishiwa nguvu kabisa. Sheria ni kwamba wote wawili wavuke. Basi asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi kwenye utepe, umati ukipiga kelele. Akapata dhahabu. Miaka minne baadaye, kule Athens, akashinda mita 5,000 na mita 10,000 zote mbili.

Watu husimulia hadithi ya Wanyoike wakimalizia hivi: unaona, Mungu alimnyima macho ili ampe medali. Mimi siwezi kusema hivyo, na sidhani ni haki kumwambia kijana aliyepofuka jana kwamba asubiri dhahabu. Wasioona ni wengi na medali ni chache. Kinachonishika mimi ni ile kamba. Kwa miaka mitano mtu huyu alihitaji kushikwa mkono ili apige hatua. Halafu ikafika siku moja, mita chache za mwisho, mkono ule ule ukahitaji kuvutwa. Kama angekata kamba ile ili awahi peke yake, asingekuwa na mbio.

Karatasi iliyoniangusha

Turudi Ruiru, kwa sababu bado hujajua niliishia wapi.

Mwaka wa 2022 mjengo ulikauka. Siku moja niliingia saiba moja mjini kuchapisha karatasi, nikakuta foleni hadi nje. Ilikuwa siku za mwisho za wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS. Kando yangu mzee mmoja alikuwa na mjukuu wake, wote wawili wanaangalia skrini kama inayowadai. Nikawasaidia. Kisha aliyefuata. Kisha mwingine. Jioni mwenye saiba, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza, "Kijana, umesomea wapi?"

Na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili nikasema ukweli. "Sikumaliza. Karo ilinishinda." Nilidhani dari litaanguka. Akasema, "Sawa. Kesho kuja saa moja. Kazi ya kwanza ni kufagia."

Naapa sikumweleza chochote kuhusu mathe.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa fomu. Pasipoti, ushuru, cheti cha tabia njema, KUCCPS, HELB. Nilichukua lile daftari langu la zamani, nikaligeuza, nikaanza kuandika kutoka nyuma kila ombi la mkopo nililosaidia kujaza. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu kurasa zilikuwa zimebaki nyingi.

Mwaka uliofuata akaja msichana na mama yake. Amepata nafasi ya chuo, fomu imekwama. Nikaangalia skrini, nikahisi baridi mgongoni. Baba amefariki. Cheti cha kifo hakuna. Mama akafungua kitambaa akatoa kibali cha mazishi, kimekunjwa mara nne, kama kile chetu.

Yule msichana alikuwa tayari ameanza kuokota begi lake. Nilijua ule mwendo. Ni ule ule niliotoka nao 2021. Nikamwambia, "Kaa chini kwanza." Sasa nilikuwa najua kile ambacho hakuna aliyenieleza: kwamba kibali cha mazishi si mwisho, kwamba unaenda nacho ofisi ya usajili wa vifo, ukiwa na kitambulisho cha marehemu kama kipo na barua ya chifu, na kwamba hata kama ni miaka imepita bado inawezekana. Nikawaandikia kwenye karatasi, hatua moja moja.

Walirudi baada ya siku kumi na tisa, cheti mkononi, muda wa maombi ukiwa bado haujafungwa. Tukamaliza fomu. Mama akanibariki kwa Kikuyu, ndefu, hadi wateja wengine wakasema amina.

Nilifurahi, kweli. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikalia. Kwa sababu karatasi iliyoangusha maisha yangu ilikuwa ni ya siku kumi na tisa.

Nisikie vizuri hapa. Sidai kwamba Mungu alifunga biashara ya mathe na kunitoa chuoni ili yule msichana apate mkopo. Hiyo hesabu siiwezi, na sipendi wanaoifanya kirahisi. Ninachojua ni kidogo zaidi, na kwangu kinatosha: lile jeraha halikutupwa. Kuna mtu aliyenihitaji mimi haswa, mwenye lile jeraha, nikiwa nimesimama pale. Aliyepata karo bila shida asingeujua ule mwendo wa kuokota begi.

Kama uko katikati ya hayo sasa

Sina hatua tano za kuomoka. Lakini haya nimeyaona kwa macho yangu.

Mwambie mtu mmoja ukweli. Si kijiji kizima, mmoja tu. Uongo wangu wa "defer" ulinifungia milango ambayo ukweli uliifungua kwa sentensi mbili. Na kama giza limezidi hadi unafikiria kujidhuru, usingoje mpango wowote, mtafute mtu leo hii, nenda hospitali, ongea na mshauri. Wanyoike hakutoka gizani peke yake. Alipelekwa hospitali na akashikwa mkono.

Jihadhari na akina Hanania. Wako wengi mno siku hizi. Atakayekuambia utume "mbegu" ya elfu mbili kwa M-Pesa ili Ijumaa ufunguliwe, au atakayekushauri uweke karo kwenye kamari kwa sababu ameota, wote wanauza miaka miwili. Mungu hana laini ya kupokea malipo.

Uliza kuhusu ile karatasi. Iwe ni cheti, ni deni, ni kurudi chuoni, kuna mtu mahali anayejua. Wengi wetu tuliangushwa na kitu ambacho kingeweza kuulizwa.

Na wewe ambaye mambo yako ni sawa, ukienda kumwona aliyeanguka, usiende na hayo maneno peke yake. Nenda na unga. Nenda na nauli. Fagia nyumba yake. Halafu ukishamaliza, kama bado kuna haja, mwambie Mungu ana mpango. Atakuamini, kwa sababu atakuwa ameuona ukiwa na mikono.

Wazee walisema binadamu hupanga, Mungu hupangua. Ni kweli, na jirani yangu Mwislamu husema hivyo hivyo kwa maneno yake: tunapanga, halafu tunaongeza inshallah. Lakini nimekuja kugundua kwamba anayepangua hakuniacha na mikono mitupu.

Bado nina deni la Sh31,000 chuoni. Nimekuwa nikilipa kidogo kidogo, na nimeuliza kama naweza kurudi kumalizia. Bado nangoja jibu. Mathe amerudi sokoni na kibanda kidogo kuliko cha zamani, nguo za watoto bado. Mwaka jana tulienda pamoja kuchukua cheti cha kifo cha baba. Hakikuwa na kazi ya haraka. Tulikitaka tu. Amekiweka ndani ya Biblia, na kile kibali cha zamani amekikataa kukitupa.

Upande wa mbele wa daftari langu, 2025 na ile nyumba ya mawe bado zimepigiwa mstari kwa rula. Sijazifuta. Upande wa nyuma nimefika fomu ya 212.

Kesho ni Jumatatu. Nafungua saa moja.